Volti Arobaini na Nane

Lowell, nimezing'oa betri zako sita.
Kila moja kilo ishirini na nane, nami miaka sabini na minne,
basi nilizitoa kama meno mabovu,
moja kwa siku,
saa kumi na moja alfajiri, kabla jangwa la Arizona halijaamka na kuanza kuuma.

Sita mara sita, thelathini na sita.
Ndiyo hesabu uliyoniachia.
Ilitosha ulipokuwa hai, hatukuwa na pa kuwahi.
Siku hizi duka lipo ng'ambo ya barabara kuu,
na kigari kikifika mwinuko wa daraja
huguna, hulegea, hupanda kama mlevi apandaye ngazi.
Nyuma yangu honi.
Mfukoni aiskrimu ya pichi inageuka mchuzi.

Nikanunua za volti nane. Sita vilevile,
vitanda vilevile, matumbo mazito zaidi.
Chanya kwa hasi, chanya kwa hasi,
nikazifunga mdomo kwa mkia hadi arobaini na nane,
Eusebio Armijo wa nyumba ya pili kasimama mlangoni mwa gereji,
mikono nyuma, kama mkaguzi.
Miaka thelathini alipanda nguzo za simu.
"Chaja ya zamani?"
Nimeiuza.
"Kidhibiti?"
Kipya. Na swichi ya sumaku mpya, risiti hii hapa.
"Mota?"
Ileile. Wanasema itavumilia.
Akatikisa kichwa, namna ya mtu aliyeoa mara tatu.

Nikageuza ufunguo, nikakanyaga.
Ta!
Mtaa mzima wa tambarare kilikwenda
kama kimeambiwa kuna ugomvi.
Kwenye mwinuko kikazima.
Ta. Kikawaka.
Ta. Kikazima tena,
na mimi katikati ya daraja na kofia yangu ya majani
nikisukumwa na kijana wa kupeleka piza.

Nilizishuku betri kwanza; mgeni ndiye hushukiwa.
Nane nukta nne, nane nukta nne, nane nukta tano.
Hazina kosa.
Nikakishuku kidhibiti. Nikaishuku mota, nikaiomba radhi.
Usiku nikakushuku wewe, bila sababu,
kwa kuwa hukuwapo.

Kigari kikisimama, kila kipimo huwa cha kweli na hakisaidii.
Lazima upime kikiwa taabuni.
Eusebio akashika usukani,
mimi nikakaa nyuma, uso kule tulikotoka,
mita mapajani, nyaya zake ndefu zikinipitia kwapani.
Tukaupanda mwinuko.
Kwenye betri, hamsini.
Kwenye kidhibiti, arobaini na moja.
Volti tisa zimeshuka njiani, na njiani hakuna kituo.

Gereji tena. Nikapapasa nyaya, mmoja mmoja.
Baridi. Baridi. Vuguvugu.
Chini ya sakafu, ule mweusi wenye utepe wa buluu,
ukanichoma kidole.
Wako, Lowell.
Naujua mkono wako: kichwa cha waya umekibana kwa koleo,
ukamalizia kwa nyundo kwa sababu mchezo ulikuwa unaanza kwenye televisheni.
Nikauchana. Ndani unga wa kijani,
shaba imeliwa, zimebaki nyuzi kama saba,
na saba hizo ndizo zilizotubeba miaka kumi na miwili
kwenda kanisani, kwenda kliniki, kurudi kliniki.
Hazikulalamika.
Au zililalamika, na tulikuwa tumezoea kwenda polepole.

Nimeweka waya mnene kama kidole gumba,
vichwa vimebanwa kwa mashine, Eusebio kaukagua mara mbili.
Wako nimeukata vipande, umo kwenye kopo la misumari.
Si ukumbusho. Shaba ina bei.

Jana nyuzi joto arobaini na tano.
Nikavuka daraja, nikanunua, nikavuka tena,
mwinuko nikauona tu ukiwa umeshapita.
Nyumbani nikafungua aiskrimu, nikachoma kijiko:
ngumu kama jiwe.
Ilinibidi nikae jikoni nisubiri.
Sikuwa nimepanga la kufanya na muda huo.